Kupima uzito wa kazi ya kubeba: futi, timazi na saa ya mkononi

Muulize mpakiaji wa saruji kama kazi imemwelemea, atakujibu "kawaida tu, bosi." Nyapara wake atakwambia vijana wameshazoea. Mwenye ghala atakuonyesha maandishi ya kwenye mfuko: kilo 50. Katika majibu hayo matatu hakuna la kupangia kazi. Mfuko unaonyanyuliwa ukiwa umebana tumbo, mara moja kila dakika tano, na mfuko ule ule unaookotwa sakafuni mikono ikiwa imenyooka, mara tatu kwa dakika, tangu saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, ni kazi mbili tofauti kabisa kwa mgongo na kwa moyo. Tofauti hiyo inapimika, na vifaa vyake vinauzwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi: futi ya fundi, timazi ya mwashi, chaki, mizani ya ndoano na saa yenye mshale wa sekunde.

Mfano tutakaoushika hapa ni wa watu wanne wanaopakia mifuko ya saruji kutoka kwenye rundo la sakafuni kwenda kwenye bodi ya fuso iliyoegeshwa kando ya rundo. Kila mmoja ananyanyua mifuko mitatu kwa dakika. Kwa mwendo huo fuso la mifuko 200 linajaa kwa dakika 17 hivi, kisha linaingia lingine.

Anza na uzito wa kweli

Mfuko wa saruji uzito wake unajulikana. Gunia la mahindi, la mkaa au la viazi halijulikani mpaka uliweke kwenye mizani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa likazidi mdomo likashonewa kichuguu cha kamba juu, imepigwa vita na Wakala wa Vipimo Tanzania kwa miaka mingi, na Kenya viazi vinatakiwa kufungwa kwa mifuko isiyozidi kilo 50. Vita hivyo vinapiganwa zaidi kwa ajili ya mfuko wa mkulima. Mgongo wa mbebaji hutajwa mara chache, ingawa kilo zile za ziada anazihisi yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Pima magunia 10 yaliyochukuliwa sehemu mbalimbali za rundo, na uandike zito kuliko yote pamoja na wastani. Magunia yaliyonyeshewa yapimwe peke yake.

Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 128 la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo anaobeba mwanaume mtu mzima. Wasimamizi wengi wakisikia hivyo hupumua: kumbe 50 iko ndani. Usipumue bado. Namba hiyo ina zaidi ya nusu karne, na haisemi lolote kuhusu umbali, kimo wala kasi.

Mgongo unapimwa kwa futi

Mwaka 1991 NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani, ilirekebisha fomula yake ya kunyanyua mizigo. Mpaka leo ndiyo ninayoipendekeza kwa ghala, kwa sababu inakuonyesha kosa liko wapi na kila kosa lina ukubwa gani. Inaanza na kilo 23, uzito unaokubalika hali zote zikiwa bora kabisa. Kisha kila hali mbaya inaupunguza uzito huo kwa kizidishi kisichozidi 1. Vizidishi viko sita.

Cha kwanza ni umbali wa mzigo na mwili, nacho ndicho kinachokosewa zaidi katika upimaji. Watu hupima kutoka tumboni. Kipimo sahihi kinaanzia katikati ya vifundo vya miguu na kuishia chini ya katikati ya viganja. Fanya hivi: mwambie mpakiaji asimame pale pale anaposimama kila siku, ashike mfuko na kuanza kuuinua, kisha agande kwa sekunde mbili. Mwenzako achore kwa chaki mstari unaounganisha vifundo viwili na kutia nukta katikati yake. Wewe teremsha timazi kutoka usawa wa katikati ya viganja, itulie, uweke nukta ya pili pale inapogusa sakafu. Pima kati ya nukta hizo. Gawanya 25 kwa sentimita ulizopata. Kwenye mfano wetu ni sentimita 40, kwa hiyo 25 ÷ 40 = 0.625. Angalia hapo: kwa sentimita 15 za ziada tu, zaidi ya theluthi ya uzito unaokubalika imeshapotea.

Usimwache agande na mzigo kwa muda mrefu huku ukisoma futi. Timazi na chaki zinafanya kazi haraka, futi inakuja baada ya yeye kuutua mfuko.

Cha pili ni kimo cha viganja kutoka sakafuni wakati wa kuanza. Kimo bora ni sentimita 75, yaani viganja vya mtu aliyesimama wima mikono ikining'inia. Chukua tofauti kati ya kimo chako na 75, zidisha kwa 0.003, toa kwenye 1. Rundo letu linashikwa kwenye sentimita 30: 1 − (0.003 × 45) = 0.865. Cha tatu ni safari ya wima: kutoka 30 hadi bodi ya fuso kwenye 120 ni sentimita 90, na kizidishi ni 0.82 + (4.5 ÷ 90) = 0.87. Cha nne ni kujipinda. Kama miguu inaelekea rundo na mikono inaelekea fuso, kadiria nyuzi za pembe iliyopo kati yake. Mpakiaji wetu anajipinda nyuzi 45, na 1 − (0.0032 × 45) = 0.856.

Cha tano ni kasi pamoja na muda, nacho kinasomwa kwenye jedwali la NIOSH linaloambatana na fomula. Hesabu minyanyuo ndani ya dakika 15 nzima, kisha gawanya kwa 15. Ukihesabu dakika moja tu utapata dakika ambayo kila mtu anakimbia kwa sababu unamtazama. Kwa minyanyuo 3 kwa dakika, kizidishi ni 0.88 kazi isipozidi saa moja, 0.79 isipozidi mbili, na 0.55 ikiendelea kati ya saa mbili na nane. Cha sita ni mshiko. Mfuko hauna mpini na unabonyea katikati, kwa hiyo 0.90.

Sasa zidisha vyote: 23 × 0.625 × 0.865 × 0.87 × 0.856 × 0.55 × 0.90. Jibu ni kilo 4.6. Gawanya mzigo halisi kwa jibu hilo: 50 ÷ 4.6 ni karibu 11. Namba hii ya mwisho ndiyo faharisi ya mnyanyuo. Ikizidi 1, baadhi ya wafanyakazi wameingia kwenye hatari ya maumivu ya kiuno. Ikizidi 3, wengi wao wameingia. Hapa tuna 11.

Namba kubwa hivi huwafanya watu waitupe fomula wakidai ni ya Ulaya au ya watu wa ofisini. Isitupwe, irudiwe kipengele kwa kipengele. Kuusogeza mfuko mpaka ukingo wa rundo kabla ya kuunyanyua, umbali ukashuka kutoka 40 hadi 30, kunapandisha kilo 4.6 hadi 6.1. Kuegesha fuso ili mtu asijipinde kunafikisha 7.1. Kupanga saruji juu ya paleti zilizorundikwa mpaka safu ya chini ishikwe kwenye sentimita 75 kunafikisha 8.7. Kushusha kasi mpaka mnyanyuo mmoja kwa dakika kunafikisha 11.9. Umeongeza mara mbili na nusu bila kununua mashine.

Bado 50 ÷ 11.9 ni 4.2. Na hata vizidishi vyote vingekuwa 1, mzigo ungebaki zaidi ya mara mbili ya 23. Hili nalisema bila kupunguza: hakuna mbinu ya kukunja magoti inayomfanya mtu mmoja anyanyue kilo 50 siku nzima kwa usalama. Mafunzo ya "nyanyua kwa miguu, nyoosha mgongo" yana faida yake, ila yakitolewa peke yake yanamhamishia mpakiaji lawama ya kazi iliyopangwa vibaya. Mfuko wa kilo 25, toroli la kuingiza chini ya mfuko, ubao wa kuuteleza, au foklifti ndivyo vinavyoshusha namba hiyo kwa kweli.

Kama kasi haiwezi kushuka kwa sababu malori yanasubiri, cheza na muda. Kundi likipakia dakika 50, kisha likafanya kazi nyepesi kwa dakika 60, kama kuhesabu, kufagia au kushona magunia, linahesabiwa kwenye safu ya saa moja ya jedwali. Kanuni ni mapumziko yasiyopungua mara 1.2 ya muda wa kazi. Kizidishi kinatoka 0.55 kwenda 0.88 na kasi ni ile ile. Makundi mawili yanayopokezana yanafanya kitu ambacho kundi moja kubwa linalofanya kazi mfululizo haliwezi.

Fomula hii ina mipaka. Haihusu kunyanyua kwa mkono mmoja, wala kwa kukaa au kupiga magoti, wala watu wawili kwa mzigo mmoja, wala kubeba kichwani au begani hatua nyingi. Pia ilitungwa kwa hewa ya nyuzi 19 hadi 26. Ghala la bati la Tanga au Mombasa mwezi wa pili halimo humo, kwa hiyo hesabu jibu lako kuwa la matumaini kuliko hali yenyewe.

Moyo unapimwa kwa saa

Futi haijui joto, wala hatua 30 za kubeba begani juu ya ngata, wala usingizi wa jana. Mapigo ya moyo yanajua.

Njia ninayoiamini kwa ghala ni ya kupima mapigo baada ya kazi, si wakati wa kazi, maana huwezi kumshika mtu mkono akiwa na mfuko. Weka kiti hatua chache tu kutoka alipo. Anapotua mfuko wa mwisho, bonyeza saa, akae. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya kidole gumba. Usitumie gumba lako, lina pigo lake na utajihesabu mwenyewe. Subiri hadi sekunde ya 30. Hesabu kutoka 30 hadi 60, zidisha kwa 2, andika: hiyo ni dakika ya kwanza. Fanya hivyo tena nusu ya pili ya dakika ya pili, na nusu ya pili ya dakika ya tatu. Katika dakika hizo tatu asinywe maji, asivute sigara, asiongee, asisimame kupokea simu.

Unavisoma hivi. Dakika ya kwanza ikiwa 110 au chini, na ya tatu ikiwa imeshuka kwa mapigo 10 au zaidi, kazi inabebeka. Dakika ya kwanza ikizidi 110, fupisha kipindi kijacho cha kazi kwa theluthi moja bila kugusa mapumziko: waliokuwa wakipakia dakika 45 wapakie 30, kisha pima tena. Hali mbaya kuliko zote ni ya mapigo yasiyoshuka. Mtu anayetoa 132, 126, 124 ameshuka 8 tu na bado yuko juu ya 90 dakika ya tatu. Mwili wake haupati nafuu kati ya fuso na fuso, na kila fuso linalofuata linaanzia juu zaidi ya lililotangulia.

Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Pima saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, kwa watu wale wale watano wa umri tofauti. Kasi ikiwa ile ile na dakika ya kwanza inapanda 104, 115, 128, basi mzigo unaojilimbikiza ni joto na upungufu wa maji, na dawa yake ni kivuli, maji na ratiba.

Ukiwa na mkanda wa kifuani unaorekodi mapigo, unaweza kupima kazi yenyewe. Lowanisha sehemu zinazogusa ngozi kabla ya kuuvaa, la sivyo dakika kumi za mwanzo zitakuwa takataka. Saa za kidijitali za mkononi zinapoteza hesabu mkono unapobana mfuko. Tafuta mapigo ya pumziko kwanza, mtu akiwa amekaa dakika 10 kabla ya kazi na hajashuka kwenye baiskeli sasa hivi. Kijana wa miaka 32 mwenye pumziko la 64 ana kilele cha takriban 220 − 32 = 188. Nafasi yake ya kupanda ni 124. Kwa zamu ya saa nane asitumie zaidi ya theluthi ya nafasi hiyo kwa wastani, yaani abaki karibu na 105. Mwenye miaka 55 na pumziko la 74 anafika kikomo hicho kwenye 104, lakini kilele chake ni 165 tu, na mfuko ule ule utampeleka huko haraka zaidi.

Kuna watu ambao namba zao zitakudanganya. Anayetumia baadhi ya dawa za presha, zile zinazotuliza moyo, atakuonyesha mapigo madogo akiwa amechoka kabisa. Mwenye homa ya malaria ataonyesha makubwa hata akiwa amekaa, na kazi si mahali pake siku hiyo. Mwezi wa Ramadhani pima, tena ni muhimu, ila ziweke karatasi hizo peke yake usizichanganye na za miezi mingine.

Mizani ya kusimamia inakamilisha hesabu. Pima mtu akiwa na kaptura kavu kabla na baada ya zamu. Akipungua zaidi ya asilimia 1.5, ambayo kwa mtu wa kilo 70 ni kilo 1 na kidogo, hakunywa vya kutosha. Mizani iwe inasoma gramu 100, ile ya mshale ya bafuni haifai.

Maswali, na namna ya kuyauliza

Kipimo cha Gunnar Borg wa Sweden kinampa mtu namba kutoka 0 hadi 10 za kueleza anavyojisikia. Kiandike kwa maneno ya hapo hapo: 0 sijisikii kitu, 1 kidogo sana, 2 kidogo, 3 wastani, 5 nzito, 7 nzito sana, 10 mwisho wa uwezo wangu. Uliza mara mbili: pumzi na moyo, kisha kiuno. Majibu ya maswali hayo hutengana, na kutengana kwake ni habari. Pumzi 3 na kiuno 7 maana yake mrudie futi. Pumzi 7 na kiuno 3 ni suala la mwendo na joto.

Onyesha kadi, mtu aelekeze kidole, nyapara asiwepo. Nyapara akiwepo, kila mtu ni 3. Wanaolipwa kwa mfuko wana sababu nyingine ya kuficha: wanaogopa kipimo kitaleta kikomo cha mifuko na kupunguza posho. Waambie mapema, mbele ya mwajiri, kwamba karatasi zinabeba namba badala ya majina, na kwamba hakuna atakayeondolewa kwa mapigo yake. Mwajiri asipokubali kusema hivyo waziwazi, usipime. Utapata namba za uongo na utakuwa umewaweka watu hatarini.

Kwa maumivu, tumia mchoro wa mwili uliogawanywa sehemu tisa, kutoka shingo hadi vifundo vya miguu, na uulize kuhusu miezi 12 iliyopita na siku 7 zilizopita. Mchoro ni muhimu kwa sababu ya lugha. Fomu zilizotafsiriwa huuliza "mgongo wa chini", na wengi hujibu hapana, maana maumivu yao wanayaita ya kiuno. Akigusa mahali kwenye picha, hakuna kupotezana.

Toroli na mkokoteni

Funga mizani ya ndoano kwenye mpini, kwa kimo cha mikono, vuta sambamba na sakafu, taratibu. Soma mara mbili: wakati gurudumu linaanza kuzunguka, na likiwa linatembea. Mwongozo wa Uingereza kwa wanaume ni kama kilo 20 za kuanzia na 10 za kuendelea, kwa wanawake 15 na 7. Pima pale penye ubaya: kwenye kizingiti cha mlango, kwenye mchanga nje, kwenye mteremko. Sakafu laini ya katikati ya ghala itakupa namba nzuri isiyomsaidia mtu. Mara nyingi tatizo ni gurudumu lisilo na upepo au beringi iliyokauka, na pampu na grisi vinaishusha namba siku hiyo hiyo.

Tupa vipimo vya siku ya kwanza. Siku hiyo wengine wanakimbia, wengine wanajivuta, wote wanakutazama. Anza kuandika siku ya pili au ya tatu, na chagua siku ya malori mengi. Sheria ya Tanzania ya 2003 ya usalama na afya mahali pa kazi, na ile ya Kenya ya 2007, zinamtaka mwajiri atathmini hatari za kazi, na karatasi hizi ni sehemu ya tathmini hiyo: tarehe, saa, joto la ghala, uzito wa mfuko, vipimo vya timazi, mapigo matatu ya kila mtu, namba za kadi. Baada ya kuweka paleti au kupokezana makundi, wape watu wiki mbili wazoee, kisha chora tena nukta zako mbili za chaki mahali pale pale, kwa watu wale wale, saa zile zile.